Pedeli za Gitaa za Bei Nafuu: Namna ya Kuzichagua

Pedeli ya gitaa ni kisanduku kidogo cha umeme kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Huwashwa na kuzimwa kwa mguu ili mikono ya mpigaji isitoke kwenye nyuzi. Kazi yake ni kuitia sauti ya gitaa madoido: kuikwaruza, kuipa mwangwi, kuiyumbisha, kuikaza au kuikuza. Dukani, pedeli moja huuzwa dola 25 za Marekani, na nyingine ya kazi hiyohiyo ikauzwa dola 250. Anayetaka kununua kwa fedha kidogo anahitaji kujua tofauti hiyo inalipia nini, na ni kiasi gani chake kinafika masikioni mwa msikilizaji.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hulipia kasha, swichi, soketi, jina la mtengenezaji na mishahara ya nchi ilikotengenezwa. Saketi yenyewe, inayozalisha sauti, mara nyingi ni ya gharama ndogo kuliko vyote. Ndiyo maana mnunuzi mwenye fedha kidogo anaweza kupata sauti nzuri bila shida kubwa. Anachopaswa kuwa makini nacho ni uimara wa kifaa, umeme wa kukiendesha, na kufaa kwake kwa muziki anaoupiga.

Saketi za zamani, makasha mapya

Pedeli ya kwanza ya kukwaruza sauti kuuzwa kwa wingi ilikuwa Maestro Fuzz-Tone FZ-1, iliyotolewa na kampuni ya Gibson mwaka 1962. Chanzo chake kilikuwa hitilafu. Katika studio moja ya mjini Nashville, njia moja ya mashine ya kuchanganyia sauti iliharibika wakati mwimbaji Marty Robbins akirekodi, na gitaa la besi la Grady Martin likatoka na mkwaruzo ambao watu waliupenda. Fundi mitambo Glenn Snoddy alishiriki kubuni saketi ya kuutoa mkwaruzo huo kwa makusudi. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia FZ-1 katika wimbo "(I Can't Get No) Satisfaction", na tangu hapo soko likafunguka.

Miaka 20 iliyofuata ndiyo iliyozaa karibu kila saketi inayonakiliwa leo. Fuzz Face ilitoka London mwaka 1966, Big Muff ya Electro-Harmonix ilitoka New York mwaka 1969, na Phase 90 ya MXR ikafuata mwaka 1974. Boss, tawi la kampuni ya Roland ya Japani, lilitoa pedeli ya korasi CE-1 mwaka 1976 na DS-1 ya distoshoni mwaka 1978. Ibanez ilileta Tube Screamer TS808 mwaka 1979.

Saketi hizi zinajulikana hadi kipande cha mwisho. Tube Screamer, kwa mfano, inategemea chipu ya JRC4558, kifaa cha kawaida cha bei ndogo mno, pamoja na dayodi mbili, kapasita na rezista chache. Ulinzi wa hataza hudumu takriban miaka 20, kwa hiyo hata saketi za wakati ule zilizokuwa na hataza zimekwisha kuwa huru. Kinacholindwa kwa muda mrefu zaidi ni jina na sura ya bidhaa. Mwaka 2005 Roland iliishtaki kampuni ya Behringer kwa madai kwamba pedeli zake zilifanana mno kwa sura na zile za Boss. Behringer ilibadilisha maumbo, na mwaka 2006 pande hizo mbili zikapatana nje ya mahakama.

Kwa sababu hiyo sauti ya Tube Screamer inapatikana katika Behringer TO800, Mooer Green Mile, Joyo Vintage Overdrive na TS Mini ya Ibanez wenyewe, kila moja kwa bei iliyo chini ya pedeli ya asili. Mfano mkubwa zaidi ni Klon Centaur, iliyoanza kuuzwa na Bill Finnegan mwaka 1994. Pedeli za toleo hilo la kwanza leo huuzwa kwa maelfu ya dola, ilhali saketi ya namna hiyohiyo imo ndani ya Soul Food ya Electro-Harmonix na ndani ya pedeli ndogo za Kichina za bei ya chini zaidi. Maelfu yale ya dola yanalipia uhaba na historia.

Mahali ambapo bei ndogo huonekana

Mtengenezaji anayepunguza gharama huanza na kasha. Pedeli nyingi za Behringer za bei ya chini zina kasha la plastiki. Ndani yake saketi inaweza kuwa nzuri sana: SF300, mojawapo ya pedeli zao za plastiki, imejengwa kwa kufuata Boss FZ-2, pedeli ya fazi iliyoacha kutengenezwa na ambayo sasa ni ghali kuipata. Kwa anayefanyia mazoezi nyumbani au kupiga kanisani kila Jumapili mahali palepale, plastiki haina tatizo. Kwa bendi inayopakia vyombo kwenye gari kila wiki na kukanyaga pedeli gizani jukwaani, kasha la alumini linastahili nyongeza ya bei.

Baada ya kasha ni swichi ya mguu, soketi na vitufe vya kuzungusha. Hivi ndivyo vinavyokufa kwanza. Katika baadhi ya pedeli za bei ya chini, soketi ya kuingizia waya huwa imeshikiliwa na ubao wa saketi peke yake, bila nati ya kuifunga kwenye kasha. Kila waya unapovutwa, lehemu ya ubaoni ndiyo inayobeba nguvu yote, na siku moja hupasuka. Pedeli ambayo soketi zake zimefungwa kwa nati kwenye kasha hudumu zaidi, hata kama ni ya kampuni isiyojulikana.

Jambo la tatu ni urahisi wa kutengenezeka. Vifaa vya kizamani vyenye miguu inayopenya ubao vinaweza kubadilishwa na fundi redio yeyote mwenye mkono mzuri wa kuchomelea. Vifaa vidogo vinavyobandikwa juu ya ubao, ambavyo vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele, vinahitaji zana na macho ya kazi hiyo. Hata hivyo, swichi na soketi zilizokufa hubadilishika katika pedeli nyingi, na kwa kuwa hizo ndizo huharibika mara nyingi, pedeli ya bei nafuu haipaswi kutupwa kabla fundi hajaifungua.

Jambo la nne ni ukubwa. Pedeli ndogo za umbo la kiganja, zilizoenezwa na kampuni kama Mooer na Donner za China, huokoa nafasi na nauli ya kusafirisha. Kwa kawaida hazina nafasi ya betri ya volti 9, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya onyesho, zinazimika. Umbo lake jepesi pia huzifanya zipinduke kwa urahisi zisipobandikwa kwenye ubao.

Madoido ya kukwaruza

Hapa ndipo fedha kidogo hununua kingi zaidi. Mkwaruzo hutokea pale mawimbi ya sauti yanapokuzwa hadi yakatwe vilele vyake. Pedeli nyingi hutumia dayodi kuvikata: dayodi ya silikoni huanza kupitisha umeme kwenye takriban volti 0.6 hadi 0.7, na ya jerimani kwenye takriban 0.3. Zikiwekwa ndani ya mzunguko wa chipu inayokuza, kama zilivyo katika Tube Screamer, vilele hukatwa kwa upole na sauti hubaki na umbo la vidole vya mpigaji. Hiyo ndiyo ovadraivu. Zikiwekwa mwishoni na kuunganishwa na ardhi ya saketi, kama zilivyo katika DS-1 na katika pedeli iitwayo RAT, vilele hukatwa kwa ukali na sauti huwa ya kuunguruma. Hiyo ni distoshoni. Fazi hukata mawimbi kupita kiasi hadi yakaribie umbo la mraba, na sauti huwa nene yenye manyoya.

Vifaa vya kazi hii vyote ni rahisi, na nakala ya bei ndogo huikaribia sana ya asili. DS-1 yenyewe, ambayo Joe Satriani, Steve Vai na Kurt Cobain waliitumia, ni mojawapo ya pedeli za bei ya chini kabisa za Boss na ina kasha la chuma. Ni ushahidi kwamba sauti za jukwaa kubwa zimepatikana kwa kifaa ambacho mwanafunzi anaweza kujikusanyia fedha akakinunua.

Kosa la kawaida ni kununua mkwaruzo mwingi kuliko unaohitajika. Tube Screamer hupunguza besi na kunyanyua sauti za kati, hasa karibu na hezi 720. Mpigaji wa solo anayetaka kusikika juu ya magitaa mengine, ngoma na tarumbeta hufaidika na mnyanyuo huo kuliko na distoshoni kali, ambayo hufunika noti na kuzifanya zisitofautike. Katika bendi za dansi kama Msondo Ngoma na Mlimani Park, ambako magitaa kadhaa hupishana na kila moja linasema neno lake, mkwaruzo mzito huvuruga mazungumzo hayo. Ovadraivu iliyofunguliwa kidogo tu, au pedeli ya kukuza sauti bila kuikwaruza, hutosha kumtoa mpiga solo mbele.

Mwangwi: dilei na riverbu

Dilei hurudia noti baada ya muda mfupi. Riverbu huiga sauti inavyosambaa ndani ya ukumbi. Katika kundi hili mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu ubora wa vipande vya ndani husikika.

Pedeli nyingi za dilei za bei ya chini hutumia chipu ya PT2399 ya kampuni ya Princeton Technology ya Taiwan, iliyokusudiwa vifaa kama mashine za karaoke. Chipu hiyo hufanya kazi vizuri hadi takriban milisekunde 340. Watengenezaji huisukuma zaidi ya hapo, lakini kadiri muda unavyorefuka ndivyo marudio yanavyojaa mchakacho na kupoteza uwazi. Baadhi ya pedeli hizo huuzwa kwa jina la dilei ya analogi ingawa chipu yenyewe hubadilisha sauti kuwa tarakimu ndani yake. Jina lisimtishe wala lisimvutie mnunuzi; swali la maana ni muda gani wa mwangwi anaouhitaji.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, upate milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kwa pigo, na nusu yake ni 250. Katika sebene ya soukous, ambako noti za solo ni fupi na zinafuatana kwa kasi, mwangwi mfupi wenye marudio machache huzipa noti mwili bila kuzirundika. PT2399 inaumudu. Anayepiga nyimbo za ibada za mwendo wa polepole, zenye mwangwi wa pigo zima au pigo na nusu, atakuwa anaitaka zaidi ya uwezo wake. Huyo atafute dilei ya kidijitali inayofika angalau sekunde moja, na ikiwezekana yenye swichi ya kugongea mapigo kwa mguu ili mwangwi uende sawa na mpiga ngoma.

Riverbu ni doido la kuahirisha. Kumbi nyingi, makanisa yenye dari ndefu na sakafu ya saruji hasa, tayari zina mwangwi wa kutosha, na amplifaya nyingi pamoja na miksa nyingi zina riverbu ndani yake.

Kuyumbisha sauti na kuisawazisha

Korasi huchanganya sauti ya asili na nakala yake iliyocheleweshwa kidogo na kuyumbishwa, ikasikika kama magitaa mawili yanapiga pamoja. Teknolojia yake ya awali ilitegemea chipu za kupokezana chaji ya umeme hatua kwa hatua, zilizobuniwa katika maabara za Philips mwaka 1969. Nakala za bei nafuu hutumia chipu za aina hiyo au za kidijitali, na nyingi hutosheleza. Kwa gitaa la ridhimu na la mi-solo katika rumba ya Kikongo, korasi nyepesi juu ya sauti safi ni mojawapo ya madoido yenye faida kubwa kwa fedha kidogo. Fezi na flanja ni jamaa zake. Zina ladha nzuri katika nyimbo chache na huchosha zikitumika katika kila wimbo.

Kompresa hupunguza noti zilizopigwa kwa nguvu na kunyanyua zilizopigwa kwa ulaini, hivyo noti zote hutoka sawasawa. Wapigaji wa sauti safi huithamini. Kasoro ya kompresa za bei ya chini ni mchakacho: kinachonyanyua noti laini hunyanyua pia kelele. Isikilizwe mpigaji akiwa amenyamaza, kwani hapo ndipo ubora wake hujulikana.

Pedeli ya wawa, ambayo mguu huisogeza ili sauti ilie kama "wa-wa", iliyobuniwa katika kampuni ya Thomas Organ ya Marekani mwaka 1966, ina sehemu zinazosogea kila mara, na bei ndogo mno humaanisha meno na vipande vinavyolika mapema. Hapa mtumba wa kampuni yenye sifa mara nyingi huwa bora kuliko mpya wa bei ya chini.

Pedeli mojamoja au mashine ya jumla

Kuna njia ya pili: mashine moja ya kidijitali yenye madoido mengi ndani yake. Zoom G1 Four ni mfano wa bei ya chini. Huunganisha madoido matano kwa wakati mmoja, ina tyuna, midundo ya kufanyia mazoezi na uigaji wa amplifaya, na huendeshwa kwa betri nne za AA, kwa adapta au kwa waya wa USB. Bei yake hukaribiana na ya pedeli mbili au tatu za bei nafuu.

Swali linaloamua ni gitaa linaingia wapi. Katika makanisa na kumbi nyingi za Afrika Mashariki mpiga gitaa hana amplifaya yake. Waya wake huingia moja kwa moja kwenye miksa na kutokea kwenye spika kubwa za ukumbi. Spika ya amplifaya ya gitaa hupunguza sana sauti zilizo juu ya takriban hezi 5,000, na upungufu huo ndio unaofanya mkwaruzo usikike mtamu. Spika za ukumbi hutoa sauti zote. Kwa hiyo pedeli ya distoshoni iliyosifiwa dunia nzima, ikiunganishwa moja kwa moja na miksa, hutoa sauti kavu ya kuwasha masikio kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Mpigaji hulaumu pedeli, ilhali kilichokosekana ni spika ya gitaa au uigaji wake.

Kwa mpigaji wa namna hiyo, mashine ya jumla yenye uigaji wa amplifaya na spika ni chaguo la kwanza. Kwa mwenye amplifaya yake, pedeli mojamoja zina faida: kila kitufe kinaonekana, kinashikika gizani, na ikiharibika moja nyingine zinaendelea. Mashine ya jumla ina faida nyingine isiyosemwa sana. Anayeanza hujifunza kwayo ni madoido gani hasa anayatumia. Baada ya miezi kadhaa wengi hukuta wanatumia mawili au matatu tu kati ya yote yaliyomo, na hayo ndiyo ya kununua mojamoja.

Umeme

Kelele nyingi zinazosingiziwa pedeli za bei nafuu hutoka kwenye umeme. Pedeli nyingi hutumia volti 9 za umeme wa mkondo mmoja, zenye hasi katikati ya plagi. Adapta nyingi za redio na ruta zina chanya katikati. Zinaingia vizuri kwenye soketi, na pedeli isiyo na kinga huweza kuungua. Alama iliyochorwa kwenye adapta na kwenye pedeli isomwe kabla ya kuchomeka.

Jambo la pili ni kiasi cha mkondo. DS-1 hutumia takriban miliampea 4. Pedeli za kidijitali hutumia makumi ya miliampea, na nyingine hupita 100. Jumlisha mahitaji ya pedeli zote na uhakikishe adapta inatoa zaidi ya hapo. Hesabu hiyohiyo huonyesha betri inafaa wapi: betri ya alkali ya volti 9 ina takriban miliampea-saa 500, kwa hiyo huweza kuiendesha DS-1 kwa zaidi ya saa 100, ilhali pedeli ya kidijitali ya miliampea 100 haitafika saa tano. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, pedeli za analogi zenye nafasi ya betri zina thamani ya ziada. Ikumbukwe kwamba katika pedeli nyingi plagi ya gitaa ndiyo inayoiwasha betri. Waya ukiachwa umechomekwa usiku kucha, betri hukutwa imekufa asubuhi.

Waya mmoja wa kugawa umeme kutoka adapta moja kwenda pedeli nyingi ni wa bei ndogo na hutosha kwa pedeli za analogi. Ikichanganywa ya kidijitali katika mnyororo huohuo, mara nyingi husikika mlio mwembamba wa juu. Dawa yake ni adapta ya pekee kwa pedeli ya kidijitali, au kigawa umeme chenye njia zilizotenganishwa. Mwishowe, adapta iliyoletwa kutoka Marekani ikaguliwe: kule umeme ni volti 120, hapa Afrika Mashariki ni 230 hadi 240. Iliyoandikwa volti 100–240 haina shida. Iliyoandikwa 120 peke yake itaungua.

Waya, bafa na mpangilio

Gitaa hutoa mawimbi dhaifu ambayo waya mrefu huyapunguzia sauti za juu. Pedeli nyingi za bei nafuu, zikizimwa, huyapitisha mawimbi moja kwa moja bila kuyagusa. Hilo husifiwa kwenye matangazo, lakini pedeli tano za namna hiyo, pamoja na mita sita za waya kila upande, huifanya sauti kuwa butu. Pedeli moja yenye bafa, yaani saketi ndogo inayoyapa mawimbi nguvu ya kupita kwenye waya mrefu, kama zilivyo pedeli nyingi za Boss, ikiwekwa mwanzoni hurudisha uwazi. Saketi za Fuzz Face hazipendi bafa mbele yake. Hizo zitangulie kabisa.

Mpangilio unaofanya kazi kwa wengi ni huu: tyuna, wawa, kompresa, ovadraivu au distoshoni, korasi na jamaa zake, kisha dilei, na riverbu mwishoni. Mwangwi ukitangulia mkwaruzo, marudio yote hukwaruzwa pamoja na sauti huvurugika. Waya fupi za kuunganisha pedeli ndizo chanzo cha hitilafu nyingi jukwaani, na zile za plagi iliyomiminiwa plastiki hazifunguki zikikatika. Anayejua kuchomelea hujitengenezea zake kwa gharama ndogo, na zikikatika huzirekebisha.

Ukaguzi dukani na mtumba

Pedeli isinunuliwe bila kusikilizwa kama njia ipo. Mnunuzi aende na gitaa lake na waya wake, maana gitaa la dukani huficha au kuongeza kasoro. Kwanza asikilize pedeli ikiwa imezimwa na kulinganisha na gitaa lililochomekwa moja kwa moja, sauti isipungue. Kisha aiwashe, akiacha nyuzi zimenyamaza, na kusikiliza mchakacho na mvumo. Azungushe kila kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho; mkwaruzo wakati wa kuzungusha huashiria vumbi au kulika. Akanyage swichi mara nyingi mfululizo na kusikiliza kama inapiga mshindo. Mwisho atikise plagi polepole ndani ya soketi zote mbili na ile ya umeme. Ukaguzi wote hauzidi dakika kumi, na hukamata karibu kila kasoro inayoweza kukamatwa nje ya kasha.

Kwa mtumba, aombe kifuniko cha chini kifunguliwe. Kutu ya kijani kwenye klipu ya betri, lehemu iliyorudiwa kwa uchafu na waya zisizofanana ni dalili za kifaa kilichoteseka. Pedeli za kampuni kubwa zina nakala bandia. Rangi iliyopauka, maandishi yaliyopinda na bei ya ajabu ni sababu za kusita.

Anayeagiza kutoka nje ajumlishe nauli, ushuru na Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, kabla ya kulinganisha na bei ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au ya mtaa wa Luthuli jijini Nairobi. Pedeli ya dola 30 inaweza kufika ikiwa ghali kuliko ile ya dukani ambayo mtu angeisikiliza kwanza na kuirudisha ikimshinda.

Fedha zianzie wapi

Tyuna ya simu haigharimu kitu, hivyo pedeli ya tyuna inaweza kusubiri hadi mpigaji aanze kupanda jukwaani. Nyuzi mpya, waya mzuri na adapta sahihi vitangulie pedeli yoyote, kwa kuwa hakuna doido litakaloficha kasoro za vitu hivyo. Anayeingia kwenye miksa moja kwa moja anunue mashine ya jumla yenye uigaji wa spika na aridhike nayo kwa muda. Mwenye amplifaya aanze na pedeli moja inayotumika katika nyimbo nyingi anazopiga: korasi au dilei kwa mpigaji wa rumba na ibada, ovadraivu kwa mpiga solo na mpigaji wa roki. Ya pili ifuate baada ya ya kwanza kueleweka kitufe kwa kitufe.

Katika mkwaruzo, nakala ya bei ya chini ichukuliwe bila woga. Katika dilei, kompresa na wawa, ni heri kusubiri mwezi mmoja zaidi na kununua iliyo bora au mtumba uliokaguliwa. Pedeli mbili zinazofahamika vizuri, zenye umeme safi na waya zisizokatika, zitamfaa mpigaji kuliko ubao uliojaa visanduku vinane ambavyo hajui kila kimoja kinafanya nini.